Mibuni 60: shajara ya kihamba chetu cha Uru

2 Januari

Shajara hii inaanza siku mbili baada ya Baba kunikabidhi mibuni 60 katika sehemu ya chini ya kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Nimeamua kuiandika katika kaunta buku lililobaki na kurasa nyingi nilipomaliza kidato cha nne, kwa sababu Baba ni mtu asiyerudia neno na mimi ni mtu anayesahau. Naeleza kwanza jinsi jambo lenyewe lilivyokuja.

Kama ilivyo desturi ya huku kwetu, Krismasi iliwarudisha wote nyumbani: Kaka mkubwa na familia yake kutoka Dar es Salaam, dada zangu wawili kutoka Arusha na Dodoma, pamoja na watoto ambao walikuwa hawajawahi kumwona ng'ombe akikamuliwa. Siku ya pili ya sikukuu, nyama ikiwa bado jikoni, Kaka alisema mbele ya wote kwamba kahawa haitulipi tena, na kwamba ingefaa ing'olewe ili ipandwe miparachichi. Alikuwa ameandika hesabu kwenye simu yake, na kwa kweli hesabu hizo hazikuwa na kasoro: msimu uliopita tulipata kilo 41 za kahawa ya maganda kutoka mibuni 214, na fedha tulizolipwa kupitia chama cha msingi cha ushirika hazikurudisha gharama za dawa na vibarua. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tumesikia," kisha akaomba aongezewe mbege, pombe yetu ya ndizi. Kaka alikuwa akimtazama Baba muda wote aliokuwa akizungumza, lakini hakuna mtu pale barazani ambaye hakujua kwamba maneno yale yalinihusu mimi, kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba kinachoizunguka.

Asubuhi ya tarehe 31 Desemba Baba aliniamsha kabla ya kukamua, tukashuka pamoja hadi karibu na mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia. Alifunga kamba ya mgomba mkavu kwenye mbuni mmoja, akatembea akihesabu kimoyomoyo, akafunga kamba nyingine mwishoni mwa safu ya nne, akasema, "Kati ya hapa na pale ni 60. Fanya unavyoona, ila using'oe." Nilimuuliza kama naruhusiwa kukata. Alinyamaza muda mrefu kiasi cha mimi kudhani kwamba hakusikia, kisha akajibu, "Nimesema using'oe."

Nimelichukua jibu hilo kuwa ruhusa.

5 Januari

Leo nimekagua miti yangu mmoja mmoja. Mibuni hii ilipandwa na Babu, na mingine huenda ina umri zaidi ya wa Baba. Ni kahawa ya arabika ya aina za zamani, zenye ladha nzuri lakini zisizostahimili magonjwa mawili yanayotumaliza, yaani chulebuni, ambayo hufanya madoa meusi yaliyobonyea kwenye tunda likiwa bado bichi mpaka linakauka au kuanguka, na kutu ya majani, ambayo huacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani na kulipukutisha kabla ya wakati wake. Mashina ni marefu kuliko mimi, mengine yamefunikwa na kuvumwani kama ndevu, na matawi yenye matunda yako juu kabisa, mahali ambapo Mama hupafikia kwa ngazi tu. Katikati ya shina hakuna jani. Jirani mmoja alipopita njiani alisema kwamba nimepewa kuni, na sikuwa na la kumjibu.

Kati ya miti 60, mashina 38 yana matundu ya bungua, mdudu anayetoboa shina na kuishi ndani yake. Dalili yake ni unga wa mbao chini ya mti, laini kama ugoro, na juu yake kidogo kuna tundu la duara linaloweza kupitisha kalamu ya risasi. Baba alinifundisha kazi hii nilipokuwa darasa la tano, kwa spoku ya baiskeli iliyonyooshwa na kunolewa ncha: unaiingiza taratibu ukifuata mkondo wa tundu ndani ya shina, kwanza inapita bila kizuizi, halafu inakwama kwenye kitu kisicho kigumu wala laini sana, na hapo unasukuma kwa kidole gumba hadi ukisikia kimepasuka. Ukiitoa, ncha imelowa maji meupe. Leo nimewaua bungua 23 na sijui ni wangapi waliobaki ndani. Katika mti wa mwisho wa safu ya kwanza, ulio karibu na kaburi la Babu, spoku iliingia nzima bila kugusa kitu, maana shina lote lilikuwa tupu kama bomba.

11 Januari

Nimeshuka mjini Moshi kununua msumeno. Fedha nilizipata Desemba kwa kubeba matofali kwenye ujenzi huko Kiboriloni. Msumeno na tupa ya kunolea vimekula shilingi 31,000, na salio ni 4,500. Nimeandika hapa kwa sababu Kaka atauliza.

20 Januari

Bwana shamba wa kata alifika kwa jirani, nikamwomba apite na kwetu. Alizunguka miti yote 60 bila kusema neno la kukatisha tamaa, jambo ambalo nilimshukuru nalo moyoni, kisha akanieleza mambo ambayo nayaandika hapa yote ili nisije nikayachanganya.

Mbuni uliozeeka haulazimiki kung'olewa, kwa sababu mizizi yake mara nyingi ingali na nguvu. Hukatwa na kubakizwa kisiki cha urefu wa kati ya sentimita 30 na 45 kutoka ardhini, na mkato sharti uwe wa mshazari ili maji ya mvua yateremke badala ya kutuama na kuozesha kisiki. Kazi hii hufanywa baada ya kumaliza kuchuma na kabla ya masika, ili mvua zikute visiki vinasubiri kuchipua. Mti ukiwa na mashina kadhaa, huachwa shina moja jembamba lenye majani ili mizizi isife njaa, nalo huondolewa maotea, yaani machipukizi ya kisiki, yakishashika. Tangu kukatwa hadi kuchuma tena matunda ya maana ni karibu miaka miwili, na ndiyo maana haikatwi mibuni yote kwa mara moja. Kwa visiki vitakavyokufa, alisema, niende Lyamungu, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambako huzalishwa miche ya aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Jioni Baba alinikuta nikinoa msumeno nyuma ya zizi, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu namna ile bila kuulizwa. Alisema kwamba yeye aligawiwa mibuni yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambapo vyama vya ushirika vilivyokuwa vimevunjwa na Serikali mwaka 1976 vilikuwa vinarudishwa, na wazee walikuwa wakisema kwamba KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, itasimama tena kama ilivyosimama tangu mwaka 1933. Babu alimpa miti 40. Kwa miti hiyo alinunua mabati, akaoa, na akaanza kumsomesha Kaka. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka. Baba alikuwa amekopa dawa za msimu mzima. Alilipa deni hilo kwa kuuza ndama wawili, na tangu mwaka huo alianza kupanda migomba mingi zaidi katikati ya mibuni, akiiombea kahawa nafuu bila kuihudumia. Hayo ya kuiombea bila kuihudumia ni maneno yake mwenyewe.

Aliongeza kwamba Babu asingekubali msumeno ule uingie kihambani. Katika ujana wa Babu kung'oa mbuni lilikuwa kosa ambalo mtu angeweza kushtakiwa nalo, na hofu hiyo ilibaki kwake hata sheria zilipolegea. Nilipomuuliza yeye mwenyewe anaonaje, alichukua tupa mkononi mwangu, akanionyesha kwamba nilikuwa nanoa meno upande mmoja tu.

28 Januari

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimepata daraja la tatu. Mama amechinja kuku. Nitasubiri kuona kama nitachaguliwa kuendelea na kidato cha tano.

3 Februari

Nimekata mibuni 14. Mti wa kwanza ulinichukua karibu nusu saa, kwa sababu mbao ya mbuni ni ngumu na msumeno ulikuwa ukibanwa kila shina lilipoegemea upande wangu. Kufikia mti wa sita nilikuwa nimejifunza kukata kidogo upande wa chini kwanza, ili shina linapoanguka lisichane gamba la kisiki. Harufu ya mbuni mbichi uliokatwa haifanani na ya kahawa hata kidogo. Inafanana na ya maharage mabichi.

Mama alikuja saa nne na uji, akasimama akiangalia mahali palipofunguka. Alisema kwamba tangu aolewe hajawahi kuona nyumba ya Baba mdogo akiwa amesimama pale.

6 Februari

Nimemaliza. Mibuni 60 imekatwa, na kuni zimepangwa kando ya njia. Mikono imechubuka.

7 Februari

Sikumaliza. Nimekosea, na naandika kosa hili kwa ukamilifu wake kwa sababu limetokana na shajara yenyewe.

Tarehe 2 Januari niliandika kwamba miti yangu ni 60 iliyo kati ya kamba mbili, lakini sikuchora ramani wala sikuandika mbuni wa kwanza ni upi. Kamba ya kwanza ilikuwa ya mgomba mkavu, na katika mwezi mmoja ililiwa na ng'ombe au ilioza, nami sikuikuta. Nilihesabu kurudi nyuma kuanzia kamba ya pili, na kwa kuwa katika safu ya tatu kuna pengo la mbuni uliokufa zamani, ambalo Baba alilihesabu na mimi sikulihesabu, hesabu yangu ilinipeleka mti mmoja zaidi. Mti huo ni ule ulio kando ya kaburi la Babu. Babu aliupanda siku alipozaliwa Baba.

Baba aliuona leo asubuhi alipopeleka majani ya ng'ombe. Hakuniita. Alirudi nyumbani, akaweka mzigo chini, akaingia chumbani na kufunga mlango, na mchana hakula. Mama aliniuliza kwa sauti ndogo nimefanya nini, nami nilipomweleza alikaa chini palepale kwenye kizingiti.

Kuna jambo moja nililotaka sana kulisema, yaani kwamba mti ule ulikuwa tupu ndani na kwamba spoku iliingia nzima, kwa hiyo usingemaliza mwaka. Ushahidi ninao kwenye ukurasa wa tarehe 5 Januari. Nimekaa na jambo hilo mdomoni tangu asubuhi, na nimeona kwamba nikilisema, nitakuwa nashinda kesi mbele ya mtu ambaye hakushtaki.

10 Februari

Jana jioni nilikwenda kwa Baba mdogo. Nilimwamkia, nikamweleza yote, na sikulazimika kumwambia nimefuata nini, kwa maana nilipomaliza alikwishainuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba chake na kukata jani la isale. Kwa msomaji asiye wa huku: isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini, na jani lake likipelekwa na mtu anayeomba radhi, anayeletewa hatarajiwi kulikataa, hata kama kosa ni la damu. Nimeliona likipelekwa mara mbili utotoni, na mara zote wahusika walikuwa watu wazima. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba iko siku nitakuwa upande wa kulibeba.

Tulikwenda sote wawili na lita tano za mbege. Baba mdogo alitangulia kusema, kwa Kichaga na kwa maneno ya kale ambayo mengine sikuyaelewa, kisha akanipa ishara. Nilimkabidhi Baba jani lile kwa mikono miwili. Alilipokea, akalishikilia kwa muda, akalichomeka kwenye fito za dari ya jikoni mahali ambapo Mama hukaushia mbegu za maboga, halafu akaniuliza swali moja: "Ulihesabu kuanzia wapi?"

Nilimweleza habari ya kamba na ya pengo katika safu ya tatu. Aliniambia nilete daftari. Baba hasomi bila miwani na miwani yake imevunjika mkono mmoja, kwa hiyo aliishikilia kwa kidole huku akipitia kurasa zote, hata ile ya mazungumzo yetu nyuma ya zizi, nami nilitamani ardhi ipasuke. Alipomaliza alisema kwamba mtu anayeandika mambo ya shamba huanza kwa kuchora shamba. Kisha tukanywa mbege. Baba mdogo alimaliza nyingi peke yake.

Ramani iko ukurasa unaofuata. Mbuni namba 1 ni ule wa pili kutoka kaburini.

Machi na Aprili

Masika yalianza vizuri. Nimebeba samadi kutoka zizini debe moja kwa kila kisiki, na nimepunguza migomba mitano iliyokuwa ikiziba jua, huku mringaringa na migrivelea nikiiacha kwa ajili ya kivuli. Hakuna zaidi la kuandika isipokuwa tope.

19 Mei

Maotea yametoka. Kisiki kimoja huchipua maotea mengi kupita kiasi, na kimoja cha safu ya pili nimekihesabu 27, yamesongamana kama watoto kwenye bomba la maji. Kazi ni kuchagua mawili au matatu na kuyavunja mengine yote. Nilidhani hii ingekuwa kazi nyepesi, nikaona kwamba ni ngumu kuliko kukata, kwa sababu msumeno unaangusha kitu kilichozeeka, na hapa navunja kwa vidole kitu kizima kisicho na ubaya wowote.

Kanuni ni kuchagua yaliyo na afya, yaliyoshika upande wa chini ya mkato bila kuota kwenye ukingo wake, na yaliyoachana, ili yasije yakagombea nafasi moja yakikua. Nilimaliza visiki tisa, nikavikagua tena, nikagundua kwamba katika vinne nilikuwa nimeacha maotea manne au matano kwa sababu nilishindwa kuamua. Mama alipita, akainama bila kuweka kikapu chini, akavunja mawili, akaendelea na safari yake.

Hesabu ya leo: visiki 52 vimechipua, vitano vina dalili ya kuchipua, viwili vimekauka. Pamoja na hivyo 59 kipo cha 60, kile cha kaburini, ambacho sikihesabu kuwa changu. Hakijatoa kitu. Nimekwangua gamba lake kwa ukucha, na ndani ni kahawia.

4 Julai

Nimechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoani Tabora. Naondoka keshokutwa. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo daftari linabaki kwa Mama, ambaye alisoma hadi darasa la saba na ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nimemwomba aandike kila Jumapili. Amesema ataandika kukiwa na jambo.

Baba amenisindikiza hadi mfongoni kuangalia miti. Mingine inanifikia magotini. Aliniuliza ni lini lile shina jembamba lililoachwa linatakiwa kuondolewa, nikamweleza. Nimeandika hapa kwamba aliniuliza.

(Mwandiko wa Mama)

12 Agosti. Tumeanza kuchuma kwenye ile miti ya juu. Tunda si nyingi.

20 Agosti. Tumemenya debe tatu. Mashine ilikwama, Baba yako aliifungua mwenyewe. Tumelowanisha siku mbili kwa sababu ya baridi, utelezi ulikuwa hautoki.

2 Septemba. Mbuzi wa jirani waliingia, wamekula maotea kwenye visiki saba. Nimemwambia mwenyewe kwa upole. Wakirudi sitamwambia kwa upole.

15 Septemba. Zamu yetu ya maji ya mfongo ilikuwa saa nane usiku. Baba yako alikwenda. Alimwagilia na kwako.

7 Oktoba. Kahawa kwenye chanja ilinyeshewa kidogo. Tuliiwahi.

21 Oktoba. Baba yako amekata yale mashina membamba uliyoyaacha. Amekata yote kwa siku moja halafu mgongo ukamshika siku nne. Usimwambie nimeandika.

18 Novemba. Tumepeleka chama cha msingi kilo 33. Tumepewa malipo ya awali. Risiti imo katikati ya daftari.

9 Desemba

Nimerudi jana usiku. Nimesoma kurasa za Mama mara tatu. Ameandika kwa kurasa mbili miezi minne ambayo mimi ningeiandika kwa ishirini, na sioni alichokiacha.

Hali ya mradi ni kama ifuatavyo. Visiki vilivyo hai ni 55. Vile saba vilivyoliwa na mbuzi vilichipua upya, lakini viko nyuma ya vingine kwa miezi kadhaa. Miti iliyo mizuri zaidi inanifikia kifuani, majani yake ni ya kijani kilichokolea na mapana, na mashina yote yanafikika kwa mkono bila ngazi. Kutu ya majani ipo, hasa upande wa migomba, na hilo halikunishangaza, kwa kuwa kukata mti kunarudisha ujana wake bila kubadilisha aina yake. Mbuni wa Babu ukikatwa unachipua mbuni uleule wa Babu, na udhaifu wake wote. Kwa sababu hiyo tutaendelea kupuliza mrututu, dawa ya ukungu,, na kwa sababu hiyo nataka miche ya Lyamungu kwenye mapengo.

14 Desemba

Nimekwenda Lyamungu. Nilishuka hadi mjini, nikapanda gari jingine kuelekea Hai, na asubuhi yote ikaishia njiani. Nilionyeshwa bustani mama, ambamo mibuni ya aina bora hutunzwa kwa ajili ya kukatwa vikonyo tu, na jinsi vikonyo hivyo vinavyooteshwa mizizi chini ya nailoni, mahali penye unyevu mwingi kiasi kwamba miwani ya mtu aliyekuwa akinieleza ilipata ukungu. Miche inayotokana na kikonyo hurithi sifa zote za mama yake, tofauti na mbegu ya chotara, ambayo haina uhakika huo. Nimeweka oda ya miche mitano kwa ajili ya masika: minne ni ya visiki vilivyokufa. Wa tano sikumwambia mtu ni wa wapi.

27 Desemba

Kaka amekuja. Leo alishuka mwenyewe hadi mfongoni, nami nikamfuata na daftari. Aliuliza gharama, nikamsomea: msumeno, tupa, samadi ya nyumbani ambayo sikuithamini kwa fedha, nauli ya Lyamungu, miche. Aliuliza mapato, nikamjibu kwamba mwaka huu ni sifuri na mwakani itakuwa karibu na sifuri. Alicheka, bila dharau nadhani. Alisema kwamba kwa hesabu hizo hakuna benki itakayonisikiliza. Nilimwambia kwamba ni kweli. Halafu akaniuliza kama kwenye mpaka wa juu, ambako hakuna mibuni, panaweza kukaa miparachichi miwili mitatu, na mimi, ambaye mwaka jana nilikuwa nimeketi mlangoni na watoto wakati mambo haya yakizungumzwa, nikamjibu kwamba inaweza kukaa mitatu, isipokuwa isiwe upande wa mashariki kwa sababu itaziba jua la asubuhi. Alitikisa kichwa kukubali. Jioni nilimsikia akimweleza Baba jambo hilo kama lilivyo, na akasema kwamba nimelisema mimi.

29 Desemba

Mashimo ya miche huchimbwa miezi mitatu kabla ya kupanda, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, udongo wa juu ukiwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine, kisha ule wa juu huchanganywa na samadi na kurudishwa. Nimechimba manne, na jana jioni nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la Babu na jembe mkononi, nikiwa sijaanza, Baba alipotokea.

Aliangalia kisiki kilichokauka. Alikigusa kwa mguu, kikayumba, kikang'oka chote bila nguvu, na ndani yake mlikuwa na unga mtupu. "Ulikuwa umekwisha huu," alisema. Nilisema ndiyo. "Ulijua?" Nilisema nilijua. Alinitazama, akatazama daftari lililokuwa kwenye majani, ambalo alikwishalisoma ukurasa kwa ukurasa mwezi wa Februari, na hakuuliza kwa nini sikusema.

Alinionyesha pa kuchimba, hatua moja na nusu kutoka kwenye isale. Leo nimechimba tangu saa moja. Ardhi ya pale ina mawe na mizizi ya mringaringa, na hadi saa tano nilikuwa nimefika mahali ambapo kipimo changu cha kamba kilisema inatosha. Baba alikuja akapiga magoti ukingoni, akaingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko na zaidi, akapapasa chini kwa vidole, akautoa na kufuta udongo kwenye suruali.

"Bado," alisema, akanipa jembe.